Vitamini, Mikoko na Majitaka: Kupanga Kiwanda katika Pwani ya Kaole

Vitamini za viwandani hupatikana kwa njia tatu: kuunganisha kemikali hatua kwa hatua, kuchachusha sukari kwa bakteria au kuvu, na kuvuna kutoka kwenye kiumbe hai kama mwani au ini la samaki. Kuna pia kazi ya nne, isiyotengeneza vitamini bali kuzichanganya kwa vipimo ili zitiwe kwenye unga, mafuta ya kula au vidonge. Kila kazi ina uchafu wake. Anayepanga kiwanda kipya huamua sehemu kubwa ya madhara yake siku anapochagua njia na kiwanja, kabla hajafika kwa muuza mitambo ya kusafisha majitaka. Hoja hii ni nzito mahali popote, na katika pwani ya Kaole ni nzito zaidi, kwa sababu pale bahari ni ya kina kifupi, mikoko iko karibu, na watu wanakula kutokana na maji hayohayo ambayo kiwanda kingetamani kuyatumia kama mfereji.

Kaole iko kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Magofu yake, yenye msikiti unaokadiriwa kujengwa karne ya 13 na makaburi ya nguzo, yalichimbuliwa na mwanaakiolojia Neville Chittick mwaka 1958. Historia ya mahali hapo inamhusu moja kwa moja mpangaji wa kiwanda. Kaole ilikuwa bandari, kisha mchanga na mikoko vikaujaza mlango wake hadi vyombo vikashindwa kufika, na biashara ikahamia Bagamoyo. Kwa hiyo ufuko huu haujatulia: husogea, hujaa tope, hubadili mikondo. Maji yanapokupwa, hasa nyakati za bamvua, tope na mchanga hubaki wazi kwa umbali mrefu. Bomba la majitaka litakaloishia karibu na ufuko litamwaga juu ya ardhi kavu kwa saa kadhaa kila siku, na kitakachotoka humo kitabaki pale kwa kaa na watoto wanaookota kombe.

Kusini zaidi kuna Mbegani, penye chuo cha uvuvi, na Mlingotini, ambako wanawake wengi wamelima mwani kwa miaka mingi. Kaskazini ya mji unaingia baharini Mto Ruvu, na mbele yake Mto Wami, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Midomo ya mito hiyo na mikoko yake ni malezi ya kamba. Nyuma ya pwani, bara kidogo, serikali imetenga eneo maalumu la kiuchumi la Bagamoyo, ambalo lilitarajiwa kwenda pamoja na bandari mpya ya Mbegani. Mkataba wa awali wa bandari hiyo na wawekezaji wa China ulisainiwa mwaka 2013, Oman ikajiunga baadaye, Rais Jakaya Kikwete akaweka jiwe la msingi Oktoba 2015, kisha mradi ukasimama wakati wa Rais John Magufuli, na mazungumzo yakafufuliwa chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mtu anayepanga kiwanda chochote hapa anaingia katika ardhi ambayo wenyeji wake wameshasikia ahadi nyingi na wengine wamesubiri fidia kwa miaka.

Viwanda vya lishe si kitu kigeni kwa pwani hii. Mashamba ya chumvi ya Bagamoyo yamekuwa sehemu ya kazi hiyo tangu Tanzania ilipofanya uongezaji wa madini joto kwenye chumvi kuwa lazima katikati ya miaka ya 1990. Chumvi huvunwa kwenye majaluba, hunyunyiziwa potasiamu ayodeti, hufungwa na kuuzwa, na ugonjwa wa rovu ukapungua nchini. Lakini majaluba mengi ya chumvi kando ya Bahari ya Hindi yalichimbwa mahali palipokuwa na mikoko. Bidhaa iliyookoa afya ya mamilioni imekula sehemu ya msitu wa pwani, na mpango wa kiwanda cha vitamini unapaswa kuanza kwa kukiri hesabu hiyo yenye pande mbili.

Hitaji lenyewe ni la kweli. Utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa vitamini A. Mwaka 2011 zikatungwa kanuni za kuwataka wasindikaji waongeze virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Mafuta hupata vitamini A; unga hupata madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Malighafi hizo huagizwa kutoka nje, hasa China, India na Ulaya. Msindikaji wa unga wa Kibaha au Morogoro hutegemea meli, bei ya dola na foleni ya bandarini ili atimize sheria ya nchi yake. Wazo la kuzitengeneza karibu na nyumbani linaeleweka.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika kabla ya hamasa. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 2.4 za vitamini B12 kwa siku. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7. Hata kama kila mmoja angepewa kiwango hicho chote kutoka kiwandani kwa mwaka mzima, nchi ingehitaji takriban kilo 54. Mzigo huo unaenea kwenye gari dogo la mizigo. Vitamini A, kwa wastani wa mikrogramu 600 kwa mtu kwa siku, ingefika takriban tani 13 na nusu. Vitamini C ni tofauti: kwa miligramu 75 kwa siku, nchi ingehitaji karibu tani 1,700. Kwa vitamini nyingi, basi, kiwanda kinachotengeneza kuanzia mwanzo hakiwezi kuishi kwa soko la Tanzania pekee. Lazima kiuze Afrika nzima au dunia, na kushindana na viwanda vichache vikubwa vilivyokwisha kujijenga. Kiwanda kinachoshindana kwa bei za namna hiyo hushawishika kubana gharama, na gharama ambayo huwa ya kwanza kubanwa ni ya kusafisha majitaka.

Njia ya kemikali ndiyo isiyofaa kuliko zote kwa Kaole. Vitamini A na E hutengenezwa kwa kupitia viungo vya kati kama sitrali, kwa kutumia viyeyushi vinavyowaka, shinikizo na joto kubwa. Oktoba 2017 moto katika kiwanda cha sitrali cha BASF, Ludwigshafen, Ujerumani, ulikatiza ugavi wa vitamini A na E duniani kwa miezi. Huko kuna kikosi cha zimamoto cha kiwanda chenyewe na mji wa kemikali wenye uzoefu wa zaidi ya karne. Mfano wa pili unafundisha zaidi, kwa kuwa haukuwa ajali. Kiwanda cha Lonza cha Visp, Uswisi, kinachotengeneza niasini, kiligundulika kutoa gesi ya nitrasi oksidi iliyokuwa na athari ya joto sawa na takriban tani 600,000 za kaboni dayoksaidi kwa mwaka, karibu asilimia moja ya gesijoto zote za nchi. Jambo hilo likajulikana hadharani mwaka 2020, na kichocheo cha kuivunja gesi hiyo kikafungwa baadaye. Nchi yenye wakaguzi wengi na vipimo vizuri iliishi na bomba hilo kwa miaka bila kuliona. Gesi ile haina rangi wala haisumbui jirani, kwa hiyo hakuna mlalamikaji ambaye angeigundua. Tathmini ya mazingira ya kiwanda cha kemikali lazima ianze na hesabu ya kila atomu inayoingia na inakotokea, na hesabu hiyo inahitaji wakemia ambao mamlaka ya usimamizi inawamudu.

Uchachushaji unavutia zaidi. Vitamini B12 hutengenezwa kwa bakteria peke yake, kwa sababu kuiunda kwa kemikali ni kazi ya hatua zaidi ya 70, kama walivyoonyesha Robert Woodward na Albert Eschenmoser walipoikamilisha maabarani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vitamini B2 ilikuwa ikitengenezwa kwa kemikali hadi kuvu na bakteria vilipochukua nafasi hiyo mwishoni mwa karne iliyopita, na taka za kemikali zikapungua sana. Vitamini C, iliyoanza kuzalishwa kwa njia ya Tadeus Reichstein ya mwaka 1933, leo hutoka zaidi China kwa uchachushaji wa hatua mbili. Chakula cha vijidudu hivyo ni sukari, na Bagamoyo ina sukari: kiwanda cha kampuni ya Bakhresa kilichoanza kuzalisha mwaka 2022 hutoa pia molasi. Kwa karatasi, mnyororo unaungana vizuri kuliko mahali pengi Afrika Mashariki.

Tatizo ni mabaki ya pipa. Vitamini ni sehemu ndogo mno ya kile kinachochachushwa. Kinachobaki ni mchuzi wa sukari isiyoliwa, protini, chumvi na miili ya vijidudu. Mchuzi huu hauna sumu kali, na ndiyo maana hudharauliwa. Ukiingia majini, bakteria wa kawaida huushambulia na kutumia oksijeni yote, samaki wakakosa pumzi. Mzigo wake hupimwa kwa kiasi cha oksijeni kinachohitajika kuuozesha au kuuchoma kwa kemikali. Kanuni za viwango vya maji za Tanzania za mwaka 2007 zinaruhusu majitaka yanayomwagwa yawe na mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia yasiyozidi miligramu 30 kwa lita, na ya kikemikali yasiyozidi 60. Mabaki mazito ya uchachushaji yanaweza kuwa na makumi ya maelfu. Kutoka 20,000 hadi 60 ni kuondoa asilimia 99.7 ya mzigo, kila siku, pamoja na siku umeme ulipokatika na siku vijidudu vya mtambo wa kusafishia vilipokufa.

Kazi hiyo inawezekana, ila kwa mpangilio. Kwanza mabaki mazito hutenganishwa na maji mepesi ya kuoshea, maana kuyachanganya ni kuharibu mara mbili. Mabaki mazito huingia kwenye matangi yasiyo na hewa, ambako bakteria huyageuza kuwa bayogesi. Gesi hiyo hurudi kwenye bwela na kupunguza kuni au dizeli. Kisha yanafuata matangi ya kupuliza hewa, mabwawa ya kutuliza tope, na bwawa la dharura lenye uwezo wa kushika majitaka ya siku kadhaa mtambo unapokwama. Bwawa la dharura ndilo kipengele ambacho wawekezaji hukata kwanza, na ndilo ambalo mkaguzi anapaswa kulisimamia kuliko vyote. Tope linalobaki lingefaa kurutubisha mashamba ya miwa, lakini bakteria wa B12 hulishwa kobalti, hivyo tope hilo lisiende shambani kabla ya kupimwa. Vijidudu vilivyobadilishwa vinasaba, ambavyo viwanda vya B2 huvitumia, huuliwa kwa mvuke kabla ya mabaki kutoka, na viko chini ya kanuni za usalama wa bayoteknolojia za mwaka 2009.

Hata maji yaliyosafishwa hadi kiwango cha kisheria hubeba nitrojeni na fosforasi. Katika hori tulivu kama la Mlingotini virutubishi hivyo hulisha majani madogo yanayojishikiza kwenye kamba za mwani na kuusonga. Wakulima wa mwani wa pwani hii tayari wanasumbuliwa na joto la maji linaloua aina ya kotonii. Kuwaongezea mzigo wa pili kwa jina la lishe ya taifa lingekuwa kosa lisilo na utetezi. Maji yaliyosafishwa yanapaswa kubaki bara, yatumike kumwagilia na kupozea mitambo, na yasielekezwe kwenye hori hata kama kipimo kimefuzu.

Maji ya kuingia nayo si jambo dogo. Uchachushaji hunywa maji mengi kwa kupoza na kuosha. Mto Ruvu ndio unaolisha Dar es Salaam kupitia mtambo wa Ruvu Chini ulioko upande huohuo wa Bagamoyo, na wakazi wa jiji wanakumbuka migao ya maji vuli zilipochelewa. Kibali cha kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu chini ya sheria ya mwaka 2009. Visima virefu karibu na ufuko si mbadala: ukivuta maji baridi kwa nguvu, maji ya chumvi huingia chini ya ardhi, na visima vya vijiji huharibika kwa muda usiopimika kwa msimu mmoja.

Njia ya tatu, ya kuvuna kutoka kwenye kiumbe hai, inafaa kuangaliwa kwa makini kwa sababu inaendana na pwani yenyewe. Mwani wa chembe moja uitwao Dunaliella salina huishi kwenye maji yenye chumvi kali, na ukipigwa jua kali hujaza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Huko Hutt Lagoon, Australia Magharibi, hulimwa kwenye mabwawa makubwa yanayogeuka rangi ya waridi. Majaluba ya chumvi ya Bagamoyo yana jua na chumvi. Yaliyoachwa yangeweza kutumika bila kukata mkoko hata mmoja, na maji ya chumvi yangerudishwa bwawani badala ya kumwagwa. Kizuizi ni mvua. Hutt Lagoon iko mahali pakavu, ilhali Bagamoyo hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi zikishuka wakati wa masika, na kila mkulima wa chumvi anajua kwamba Machi hadi Mei majaluba huzimuliwa na kazi husimama. Uzalishaji ungekuwa wa msimu, na hiyo inaifanya njia hii ifae kama mradi mdogo unaofuata kalenda ya chumvi, wenye mazao ya pili kwa wenye mashamba, kuliko kama kiwanda kikubwa cha mwaka mzima.

Inabaki kazi ya kuchanganya, na kwa hesabu zote ndiyo inayopaswa kutangulia. Vitamini huingia zikiwa unga mkavu, hupimwa, huchanganywa na unga wa kuzibeba, hufungwa na kupelekwa kwa wasindikaji. Maji yanayotumika ni ya kuosha mitambo tu, uchafu wake ni mdogo, na soko lipo kwa nguvu ya kanuni za 2011. Mifano ya viwanda vinavyoongeza virutubishi iko jirani: Africa Improved Foods ya Kigali, iliyozinduliwa mwaka 2017, hutengeneza uji uliorutubishwa kwa mahindi na soya za ukanda huu.

Kuchanganya nako kuna hatari zake. Vumbi laini la vitamini likitanda hewani ndani ya chumba linaweza kulipuka kwa cheche moja, kwa hiyo vifyonza vumbi, nyaya za kuondoa umeme tuli na milango ya kupunguza mlipuko si mapambo. Vitamini A ikizidi mwilini hudhuru mimba, hivyo wajawazito hawapaswi kufanya kazi kwenye mizani, na wafanyakazi wote wanahitaji barakoa zinazofaa chini ya usimamizi wa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Pia vitamini huharibika kwa joto, mwanga na unyevu, na pwani ina vyote vitatu. Ghala la Bagamoyo litahitaji ubaridi na hewa kavu mwaka mzima, yaani umeme mwingi na jenereta ya akiba. Gharama hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kuuliza kama ghala lisiwekwe mbali na ufuko.

Kuhusu kiwanja, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Kwa Kaole mita 60 ni chache. Mstari wa maji ya bamvua hauko pale ulipo ule wa siku za kawaida, na ufuko wenyewe umekuwa ukihama kwa karne. Mikoko ni hifadhi ya misitu chini ya sheria ya mwaka 2002, na magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Karibu nayo, kila shimo la msingi linaweza kugonga makaburi au vigae vya zamani. Upepo nao una neno. Msimu wa kusi unavuma kutoka kusini na kusini-mashariki kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo harufu ya kiwanda kilichojengwa kusini mwa mji ingeelekea mjini, kwenye hoteli na shule. Ardhi ya juu upande wa bara, ndani ya eneo maalumu la kiuchumi, ni afadhali kuliko kiwanja chochote kinachoona bahari.

Kisheria, kazi huanza na Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na NEMC, baraza la taifa la mazingira: mradi huandikishwa, hadidu za rejea hukubaliwa, wataalamu waliosajiliwa huandaa taarifa, kamati huipitia na kutembelea eneo, wananchi husikilizwa, kisha cheti hutolewa au kukataliwa. Kemikali husajiliwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, vidonge husimamiwa na mamlaka ya dawa, TMDA, na virutubishi vya chakula na shirika la viwango, TBS. Karatasi hizi zote haziishi kwa nguvu zake. Mwaka 1997 serikali iliridhia mradi mkubwa wa kufuga kamba katika delta ya Rufiji ilhali NEMC ilishauri kinyume. Wananchi wa delta wakaenda mahakamani, na mashamba hayo hayakujengwa. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa chini ya mpango wa maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje kilisambaza risasi kwa majirani hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mahakama ya mazingira iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hadhi ya eneo maalumu la uwekezaji haikumkinga yeyote, na fidia ilikuja watoto wakiwa wameshakua na risasi mwilini.

Kwa sababu hiyo kipimo cha hali ya awali kina thamani kuliko kurasa nyingi za taarifa. Kabla ya kuchimba msingi, maji ya hori, tope la mikokoni, visima vya Kaole na Mlingotini, na mavuno ya kamba na mwani yapimwe kwa mwaka mzima, ili kusi na kaskazi, masika na vuli vyote vionekane. Bila hivyo, mvuvi atakapolalamika miaka mitano baadaye, kiwanda kitasema maji yalikuwa hivyo tangu zamani. Matokeo yakae pia kwenye vikundi vya usimamizi wa rasilimali za bahari vya vijiji, yakiwa kwa Kiswahili, na vikundi hivyo viwe na haki ya kuchukua sampuli zao na kuzipeleka maabara isiyolipwa na mwenye kiwanda.

Sheria ya 2004 inaruhusu kumtaka mwekezaji aweke dhamana ya kifedha ya mazingira. Kwa kiwanda cha kuchanganya, dhamana hiyo ingekuwa ndogo: kuondoa akiba ya unga, kusafisha majengo, kuteketeza bidhaa zilizopitwa na wakati. Kwa kiwanda cha uchachushaji ingepaswa kufunika kutoa tope kwenye mabwawa, kupima kobalti kwenye udongo na kurejesha ardhi. Dhamana ikadiriwe upya kila kiwanda kinapoongeza pipa, na ilipwe kabla pipa hilo halijawashwa.